Shavu la Kushoto

Kwa miaka ishirini na tisa sikuwahi kujipaka povu la sabuni usoni kwa mkono wangu mwenyewe. Ndevu zangu zilikuwa na mtu wake, na za mtu huyo nilikuwa nazo mimi. Tulikuwa vinyozi wawili kwenye chumba kimoja chenye viti viwili na vioo viwili, na kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kufungua mlango, tulinyoana. Alianza yeye kunyolewa, kwa sababu ni mkubwa kwangu kwa miaka miwili na hakuchoka kunikumbusha. Halafu zamu yangu.

Wateja walituita Pacha, wote wawili, ingawa yeye ni mrefu mwembamba na mimi ni mfupi wa kujaa. Jina likatuganda. Mimi namwita Pacha, yeye ananiita Pacha, na hapa nitamwita hivyo hivyo.

Sasa huyu Pacha alikuwa na tabia moja. Ukimlaza kwenye kiti ukampaka povu, analala. Sisemi kusinzia, nasema kulala fofofo, na kukoroma juu, na mwisho wa kila mkoromo kinatoka kifilimbi chembamba kama birika linalokaribia kuchemka. Na wembe uko kooni! Nilikuwa namwambia, "We bwana, siku moja nitapiga chafya, utaamkia ahera." Ananijibu macho kafumba: "Kwa mkono huo? Mkono huo naujua kuliko wangu."

Kingine cha kujua ni sheria ya duka letu. Haikuandikwa popote: aliyeanza kichwa ndiye anayekimaliza. Siku mke wangu aliposhikwa na uchungu wa mtoto wetu wa kwanza, nilikuwa na mwalimu mkuu mmoja kwenye kiti, nimeshamaliza nusu ya kichwa. Nikatupa mashine, nikatoka mbio na aproni yangu. Mwalimu mkuu akamgeukia Pacha: "Haya, malizia wewe, nina kikao cha wazazi." Pacha akakunja mikono. "Hicho kina mwenyewe, mwalimu." Akambembeleza, akamfokea, wapi! Mwalimu mkuu akaenda kuongoza kikao na kofia kichwani tangu mwanzo hadi mwisho, na kesho yake saa moja asubuhi nikamkuta amekaa kwenye kiti changu ananingoja. Nikamaliza nusu iliyobaki. Akanipa hongera ya mtoto. Hadithi hiyo aliirudia kila alipokuja, mpaka alipostaafu.

Nayakumbuka hayo yote kuliko nilichokula jana. Nakumbuka harufu ya spiriti na poda, na redio yetu iliyoshika stesheni moja tu, nayo kwa kubembelezwa. Nakumbuka jua la asubuhi lilivyoingia dirishani likafika mpaka mguu wa kiti changu, tukajua ni saa mbili, tugeuze kibao cha mlangoni. Tulikuwa na raha, na hatukujua kama ile ndiyo raha.

Kiharusi kilinikuta palepale, nimesimama, kitana mkononi. Kitana kikaanguka. Nikainama kukiokota, nikakishika, nikanyanyuka, nikaona bado kiko chini. Nikainama tena. Mara ya tatu Pacha akanidaka kabla sijafika sakafuni. Hiyo ni miaka sita sasa. Mguu ulirudi baada ya miezi, ingawa unaburuta kidogo nikichoka. Maneno yalirudi, na mke wangu anasema yalirudi na ziada. Mkono wa kulia haukurudi. Ulikaa tumboni umejikunja, na daktari akasema kwamba kisichorudi ndani ya mwaka kwa kawaida hakirudi. Nikamwamini. Nikauweka mkono mfukoni kama leso, nikaacha kwenda dukani.

Pacha akawa anakuja kwangu. Kila Jumamosi, miaka sita, na mkoba wake mdogo wa zana. Ananikalisha uani, ananinyoa, tunazungumzia wateja wa zamani, anakunywa chai yake, anaondoka. Na ndevu zake? Alizifuga. Mwanzo nilidhani ni uzembe. Zikafika shingoni, zikafika kifuani, nyeupe tupu, naye akiwaambia watu kwamba uzee una mitindo yake. Sikumuuliza na hakusema. Lakini mimi ni mtu wa hasira, sifichi, na kila nilipoziona ndevu zile niliona kama zinanisuta. Kuna vinyozi wangapi mji huu? Kwa nini asiende kwa mmoja wao? Nilijua kwa nini, na hilo ndilo lililonikera.

Jumamosi moja, akiwa bado ana brashi mkononi, akasema, "Pacha, mwisho wa mwezi nahama. Macho yananipungukia, ngazi za kwangu zimenishinda. Binti yangu kaniambia nikakae naye. Na mwenye nyumba anakitaka chumba chake cha duka."

Binti yake anakaa mbali, safari ya kutwa nzima. Mimi nikasema, "Haya. Safari njema."

Alipoondoka, mke wangu alinipa vidonge vyangu. "Mtu kakunyoa miaka sita, na wewe unamuaga kama kondakta anayeshusha abiria? Huna hata haya?"

"Ulitaka nimwambie nini?"

"Unachotaka kumwambia."

Nikavimeza vidonge. Nikamwambia, "Nataka kumnyoa. Mara moja tu, kabla hajaondoka. Kwa mkono huu." Nikauinua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, nikauweka mezani mbele yake, maana kuunyanyua wenyewe ulikuwa haunyanyuki zaidi ya kimo cha kifua.

Nilidhani atanicheka. Akaingia chumbani, akatoka na karatasi ambayo nadhani alikuwa ameificha miezi mingi akisubiri siku nitakayosikia. Kulikuwa na kituo cha mazoezi ya viungo, kwa watu waliopigwa na kiharusi zamani. Zamani, sio jana. Wiki tatu, siku tano kwa wiki, saa sita kwa siku. Nikahesabu Jumamosi zilizobaki. Zilikuwa tatu, nikitia na ile ya safari.

Kituo chenyewe kilikuwa ukumbi mrefu wenye madirisha makubwa, meza za mbao na viti vya plastiki. Tulikuwa wanane, kila mtu na upande wake uliogoma. Mkuu wa mazoezi alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, kama miaka thelathini na kitu, raba nyeupe miguuni, saa ya kusimamisha shingoni. Wenyewe wagonjwa walimwita Sajini. Siku ya pili na mimi nikajua sababu.

Siku ya kwanza aliushika mkono wangu, akaupinda huku, akaukunjua kule, akaniambia ninyanyue kidole cha shahada. Kikanyanyuka upana wa kucha.

"Mzee, mkono huu haujafa," akasema. "Umezoea kutotumwa. Miaka sita kila kazi unampa mwenzake. Ungekuwa wewe ungeamka?"

Akanitolea glavu. Glavu gani! Nene, pana, kama ile ya kutolea mkate kwenye oveni, haina vidole. Akaivalisha kwenye mkono wangu wa kushoto, ule mzima, ule pekee nilionao, akaufunga. Akaniwekea na karatasi ya makubaliano: glavu haivuliwi tangu nikiamka hadi nikilala, isipokuwa nikioga, nikishika reli ya ngazi au nikiwa kwenye hatari ya kuanguka. Mke wangu akatia sahihi kama shahidi, tena haraka mno kwa maoni yangu. Mimi nikaambiwa nitie sahihi kwa mkono wa kulia. Ilinichukua dakika nne kuandika alama ambayo hata kuku angeikana.

Mama yangu wee, niliona cha mtema kuni. Vibanio vya nguo, kubana na kubandua, mara mia. Maharage, kutoa bakuli hili kutia lile, moja moja. Kukunja taulo. Kufungua kizibo. Kunyanyua kikombe kitupu, halafu chenye maji. Sajini anahesabu kwa sauti, na ukidanganya kwa kusukuma na bega anarudi nyuma kumi. Pembeni yangu alikaa dereva wa malori mstaafu, mwili kama kabati. Yeye maharage yake yaliruka mpaka chini ya meza ya jirani, kisha anatukana injini ya gari ambalo halipo. Tulicheka sana wiki ile ya kwanza. Tulilia pia, wanaume wazima, kila mtu akijifanya anapangusa jasho.

Nyumbani hapakuwa na nafuu. Nilikula kwa mkono wa kulia, chakula kikafika sikioni kabla ya mdomoni. Mke wangu alikatazwa kunisaidia, akakaa juu ya mikono yake asije akasahau. Siku ya nne nikashindwa. Nilikuwa peke yangu, nataka chai tu, kikombe kimoja cha chai. Nikaivua glavu kwa meno, nikajimiminia kwa kushoto, nikanywa taratibu kama mwizi aliyepata nafasi. Nageuka, mke wangu yuko mlangoni.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningemjibu. Alisema tu, "Basi mwache aondoke na ndevu zake." Akaenda zake uani.

Nikaivaa glavu, nikaikaza kwa meno. Chai iliyobaki nikaimwaga, nikamimina nyingine kwa kulia. Nusu ilikwenda mezani.

Tatizo kubwa lilikuja wiki ya pili, likatoka mahali ambapo sikutarajia. Sajini alikuwa na kisanduku chenye kioo ubavuni. Unauficha mkono mgonjwa ndani, mzima unauweka mbele ya kioo, bila glavu kwa muda ule, na unaangalia kwenye kioo. Ukiuchezesha ule mzima, unaona kama mgonjwa ndio unaocheza, na kichwa kinadanganyika, kinaanza kuutuma. Wenzangu walishangaa. Dereva alitoa yowe kabisa: "Unacheza! Mnaona? Unacheza!" Mimi nikaangalia, nikaona mkono wangu wa kushoto kwenye kioo. Basi.

"Angalia vizuri, mzee. Huoni kama ni wa kulia?"

"Naona wa kushoto."

"Jaribu kusahau."

"Binti, mimi nimekaa mbele ya kioo miaka thelathini. Nikiona sikio la mtu kwenye kioo mkono wangu unajua lenyewe liko wapi kabla sijafikiri. Mdanganye mwingine, kinyozi humpati kwa kioo."

Alinuna. Hakupenda kushindwa, na kwa hilo nikaanza kumpenda. Akakifunga kisanduku, akanirudisha kwenye vikombe, na mimi nikavigonga kimoja baada ya kingine, kwa sababu kila nilipoukazia macho mkono ule ulitetemeka na kujikunja, kama mwanafunzi anayesimamiwa na mkaguzi. Kisha nikachoka, nikainua macho dirishani. Nje kulikuwa na kivuli cha ukuta, kioo cha dirisha kikawa kinaonyesha ukumbi wote, na mimi ndani yake, mzee na kikombe. Mkono kwenye dirisha ukakinyanyua kikombe. Ukakiweka juu ya kingine. Bila kutetemeka.

Nikasikia saa ya Sajini inasimamishwa. "Rudia," akasema.

Nikarudia nikiangalia dirisha. Ukaenda tena.

Kumbe miaka yote ile ya kazi sikuwahi kuutazama mkono wangu. Kinyozi anatazama kioo. Mkono unafanya kazi zake chini huko, hausumbuliwi. Tangu niugue nilikuwa naukodolea macho kutwa nzima, naungoja ukosee, na wenyewe unakosea.

Alasiri ile Sajini akaleta kioo kikubwa cha ukutani, akakisimamisha mbele ya meza yangu. "Sasa niambie," akasema, "vijana wenu mlikuwa mnawafundishaje kushika wembe?"

"Kwa puto."

"Puto?"

"Unalijaza upepo, unalipaka povu, unalinyoa. Likipasuka, umemkata mteja."

Kesho yake alikuja na pakiti mbili za puto, na mke wangu alinibebea brashi, sabuni na mpini wa wembe. Mpini tuliuzungushia mpira wa tairi la baiskeli mpaka ukanenepa, vidole vikaweza kuushika. Puto tulilibana kwenye mdomo wa ndoo. Wembe wenyewe Sajini aliuchomoa, akaufungia kwenye mkoba wake. "Huo utauona wiki ijayo," akasema.

Nikaanza upya. Niliyewafundisha vijana kumi na wawili nikawa kijana wa kumi na tatu. Siku mbili nilinyoa kwa mpini mtupu, povu likitoka kwa mistari iliyopinda. Mara mia na ishirini asubuhi, mara mia na ishirini mchana. Wiki ya tatu wembe ukaingia, na hapo ndipo balaa. Puto la kwanza lilipolipuka ukumbi mzima uliruka, maharage ya dereva yakatawanyika, na mimi, bila kufikiri, nikaliambia lile puto, "Pole mzee, hujaumia?"

Walicheka mpaka Sajini akakaa chini. Mimi nilicheka pia, halafu ghafla nikashindwa kucheka. Maneno yale yalikuwa ya dukani. Sikuwa nimeyatamka miaka sita, nilidhani yamekufa na kazi, kumbe yalikuwa yamekaa tu mdomoni yananisubiri. Nikaomba ruhusa kwenda msalani, nikalia huko vizuri, peke yangu, glavu usoni.

Ijumaa ya mwisho nilinyoa maputo matatu. Mawili yakapona. Sajini alikuwa anajua ninachokitaka, mke wangu alikuwa amemwambia.

"Puto si mtu," akasema.

"Najua."

"Mkono wako unachoka baada ya dakika kama arobaini. Ukichoka, kidole hiki kidogo kinaanza kujikunja. Umekiona?"

"Nimekiona."

"Kikijikunja, unasimama. Hata kama umebakiza unywele mmoja. Niandikie." Akageuza ile karatasi ya makubaliano, nikaandika nyuma yake kwa mkono wa kulia: nitasimama. Safari hii maandishi yalisomeka.

Jumamosi asubuhi Pacha hakuja kwangu. Tulikuwa tumekubaliana kuagana dukani, akimaliza kufunga vitu vyake, kwa sababu binti yake angepita kumchukua saa nne. Yeye alijua niko kwenye mazoezi, glavu alishaiona, lakini puto hakuambiwa. Mke wangu alinisindikiza mpaka kona, akanipa mkoba, akasema, "Nenda. Mimi nitakaa hapa." Na miguu yake ikakaa pale kweli.

Sikuwa nimevuka kizingiti kile tangu siku ya kitana. Kuta zilikuwa tupu, redio imeshafungwa kwenye boksi. Lakini viti viwili vilikuwepo, vioo vilikuwepo, na kwenye msumari wa upande wangu ilining'inia aproni yangu, imefuliwa, imepigwa pasi. Miaka sita alikuwa anafua aproni ya mtu asiyekuja. Nikasimama nikaiangalia.

"Imekusubiri," Pacha akasema kutoka kwenye maboksi yake. "Nilikuwa nataka kukuletea."

Nikaivaa. Kuifunga nyuma nilishindwa, akaifunga yeye. Kisha nikakigeuza kiti changu, nikakipiga kofi mgongoni kama zamani. "Kaa."

"Nani?"

"Babu yako! Kaa, Pacha."

Aliutazama mkono wangu wa kulia. Akaitazama glavu kwenye wa kushoto. Akazishika ndevu zake kwa ngumi. "Unataka kunichinja siku ya safari?"

"Ukiogopa sema."

"Kuogopa naogopa," akasema, akakaa.

Nilianza na shavu la kulia. Kwanza mashine, kuzipunguza zile ndefu, nayo ilikuwa nzito kuliko nilivyoikumbuka. Zilianguka mapajani mwake kwa mafungu meupe. Halafu maji ya moto, halafu povu. Brashi ikazunguka vizuri, brashi haina ubaya na mtu. Halafu nikashika wembe, nikainua macho kwenye kioo, na tuliokuwa mle tukawa wawili walewale, isipokuwa tumezeeka.

Akafumba macho, akaanza kukoroma.

Lakini mkoromo wake naujua. Huu ulikuwa wa uongo. Ulitoka kwa kipimo, kama mtu anayesoma, hauna filimbi, na kope zake zilikuwa zinacheza. Mikono yake ilikuwa imeng'ang'ania kiti mpaka vifundo vimetoka. Alikuwa anaogopa, na alikuwa ananifichia, na hakusogea hata kidogo. Nilitaka kumwambia acha, nimekuona. Sikusema. Nikaweka wembe chini ya sikio, nikavuta.

Mstari wa kwanza ulitoka safi. Wa pili ukasimama katikati, nikangoja, ukaendelea. Sikuutazama mkono. Nilitazama kioo, nikautazama uso wa rafiki yangu unavyotokea kidogo kidogo, kovu dogo la taya ambalo nilikuwa nimelisahau, kishimo cha shavu ambacho mkewe marehemu alikuwa anakitania. Jua lilikuwa limeingia. Lilikuwa limepita mguu wa kiti, nikajua saa mbili imekwisha zamani. Sijui nilikuwa mstari wa ngapi niliposikia.

Kifilimbi.

Kilikuwa chembamba, mwisho wa mkoromo. Nikangoja. Kikaja tena. Nikaangalia mikono yake: imefunguka, imelala juu ya ndevu zake zilizoanguka. Pacha alikuwa amelala. Amelala kweli, chini ya wembe, chini ya mkono huu. Machozi yalinitoka, nikawa siwezi kuyafuta, kushoto kuna glavu na kulia kuna wembe. Nikayaacha yaende.

Shavu lilipokwisha, nikachovya brashi niende upande wa pili. Kidole kidogo kikajikunja.

Nilikitazama. Nikajifanya sijakiona. Kikajikunja zaidi, kikamvuta na jirani yake. Nikafikiria kuvua glavu, lakini kushoto sijawahi kujua kunyoa. Nikafikiria kuvuta mstari mmoja tu, mmoja. Halafu nikakumbuka nilichoandika. Nikaweka wembe kwenye bakuli.

Mlio wa bakuli ukamwamsha. Akafungua macho, akajiona: kulia laini kama siku ile tuliyofungua duka, kushoto ndevu mpaka kifuani. Akapapasa lile laini kwa kiganja, taratibu, juu na chini.

"Nimechoka, Pacha," nikamwambia. "Mkono umegoma. Nisamehe. Huko mbele kuna kinyozi, mpitie akumalizie."

Kabla hajajibu, binti yake akaingia, funguo za gari mkononi. Alitusalimu, kisha akamwona baba yake, akaweka mkono mdomoni. "Baba! Utasafiri hivyo? Baba mdogo, umemfanyaje baba? Ngoja, mimi nina mkasi ndani ya gari, nimpunguze huo upande..."

Pacha akakunja mikono. Vilevile, kama alivyomkunjia mwalimu mkuu.

"Hilo lina mwenyewe," akasema.

"Lakini watu watakuonaje?"

"Wataniuliza. Nitawaambia fundi wangu hajamaliza." Akanigeukia, macho yake mekundu. "Baada ya miezi mitatu nakuja kuonana na daktari wa macho. Chumba hiki hakitakuwepo, basi utaninyoa uani kwako. Na wewe usinilete habari za kuchoka."

Tukakumbatiana, ndevu zake upande mmoja zikinichoma shingo na upande wa pili hamna kitu. Akaingia kwenye gari na nusu ya uso. Mtaa mzima ulisimama kumtazama, naye akawapungia mkono kama bwana harusi.

Jumatatu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Sajini kabla hajafungua, glavu mkononi, pakiti ya puto kwapani. Akaniambia wiki zangu tatu zimekwisha, leo linaanza kundi lingine.

"Najua," nikamwambia. "Nitakaa pembeni. Kuna shavu la mtu limebaki."